Kujiwa na Kupitiwa

Msomaji, yamkini umepata kuona shamba lenye kijia kimoja chembamba kitokacho kwenye ua wa jirani hadi mlango wa jikoni. Kijia cha namna hiyo hakikuchorwa na mpima ardhi, wala hakimo katika ramani yoyote ya serikali. Kimetengenezwa na nyayo. Leo mtoto kaja kuomba moto, kesho mama kaja kuazima kinu, keshokutwa mzee kaja kuzungumza tu. Ni kijia cha wema. Nataka kukusimulia jinsi kijia cha wema kinavyoweza kugeuzwa barabara bila mwenye shamba kuulizwa. Jinsi jambo hilo lilivyompata baba yangu katika milima ya Taita, na jinsi lilivyonipata mimi baada ya miaka mingi, katika nyaya za intaneti, nikamwadhibu mtu asiye na kosa.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa mwishoni mwa mwaka wa 1997, zilipokuja zile mvua za El Niño ambazo wazee hata leo huzitumia kuhesabia umri wa watoto. Barabara iliyopita nyuma ya boma la jirani yetu ilikatwa na maporomoko. Jirani huyo, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Mkubwa ingawa hakuwa wa ukoo wetu, alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Kwa miaka mingi alikuwa na ruhusa ya kukata katikati ya shamba letu kuja kuteka maji kisimani. Barabara ilipokatika, aliwaambia wateja wake wapite hapo hapo. Basi wakaja: wanawake wenye mapakacha, vijana wenye magunia begani, punda wawili watatu kwa siku. Shamba letu lilikuwa la matuta, kama yalivyo mashamba ya mlimani, na tuta halikujengwa kwa kwato. Baada ya majuma mawili kingo zilianza kumeguka. Usiku mmoja maji yaliona ufa, yakaingia, yakashuka na matuta matatu pamoja na maharagwe ambayo hayajavunwa.

Asubuhi baba alikwenda kwa jirani, nami nikamfuata nyuma. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka, nilikupa ruhusa ya kunijia. Sikukupa ruhusa ya kunipitia."

Baba Mkubwa akajibu, "Ndugu yangu, si mimi niliyepita. Ni watu."

Jibu hilo halikunitoka akilini. Lilikuwa kweli, nalo lilikuwa jibu baya.

Sasa nikuhamishe kutoka milimani nikulete shuleni. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kuandaa somo, kupanga ubao, na kunyamazisha darasa kwa jicho, sikufundishwa nyaya. Lakini katika shule nyingi mwalimu kijana wa Hisabati ndiye akabidhiwaye chumba cha kompyuta, kwa hoja kwamba hesabu na kompyuta ni ndugu. Nilikabidhiwa chumba, funguo na ruta moja. Ruta, kama hujapata kuiona, ni kisanduku kisimamacho njia panda. Habari za intaneti hazisafiri kama mto. Hukatwa vifurushi vidogo vidogo, kila kimoja kimeandikwa anwani ya kwendako na ya kitokako. Ruta husoma anwani ya kwendako, hutazama orodha yake ya njia, kisha hukipeleka kifurushi upande upasao. Haiulizi nani amekuleta wala nani atalipa, isipokuwa umeiamuru iulize.

Tulipakana na chuo kidogo ambacho sitakitaja jina. Wao walikuwa na kompyuta iliyohifadhi vitabu na masomo ya picha; sisi tulikuwa na kompyuta iliyohifadhi mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Wanafunzi wao walitaka vyetu na wetu walitaka vyao. Ilikuwa upuuzi kwamba ukurasa mmoja wa mtihani ulipotoka kwetu kwenda kwao, ng'ambo ya ua wa michongoma, ulizunguka kwanza kwa kampuni mbili za intaneti, na kila upande ukalipia. Tukakubaliana, tukanunua kebo ya mita 80, tukaipitisha chini ya ua, ncha moja katika ruta yao na nyingine katika yetu. Hatukuandikiana mkataba. Tulikunywa chai.

Kebo ilifanya kazi vizuri kwa muhula mmoja. Kisha, mwanzoni mwa mwaka, wakati wa kuandikisha watahiniwa wa Kidato cha Nne, intaneti yetu ilianza kukata roho. Kurasa zilifunguka nusu zikaganda. Majina ya watahiniwa yaliingizwa kumi, yakapokelewa manne. Siku ya mwisho ilikuwa inakaribia, na mtahiniwa asiyeandikishwa, msomaji, unajua hali yake. Mwalimu Mkuu aliniita mara mbili kwa siku. Kampuni iliyotuuzia intaneti ikaniletea mchoro wa mzigo wetu: ulipanda kuanzia saa kumi na moja jioni, ukakaa juu hadi saa tatu usiku.

Saa hizo funguo za chumba zilikuwa mkononi mwa mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu. Alikuwa kijana mtulivu, mwenye kupenda kufungua vitu na kuvifunga tena, nami ndimi niliyemchagua. Nilijumlisha saa na funguo, nikapata jawabu. Nilimwita mbele ya gwaride, nikamnyang'anya funguo, nikasema maneno juu ya watu wanaotazama filamu kwa gharama ya mustakabali wa wenzao. Maneno hayo sitayarudia hapa. Alisema, "Sikufanya, Mwalimu." Nikamwambia anyamaze, akanyamaza.

Jioni ile chumba kilifungwa kwa kufuli na funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Mzigo ukapanda saa kumi na moja, kama kawaida.

Ningependa kukuambia kwamba usiku uo huo nilikwenda bwenini kumtafuta kijana. Sikwenda. Mtu akishasema jambo mbele ya watu mia sita huanza kulitafutia ushahidi badala ya kulichunguza. Nilidhani labda wapo wengine wenye funguo za siri. Nilidhani labda kuna mtu anayeiba kwa simu. Zilipita siku tisa. Siku ya tisa nilimpigia rafiki yangu wa zamani, fundi wa mitambo ya simu, akanielekeza jinsi ya kuiuliza ruta yenyewe: ni anwani zipi zinazopita ndani yako saa hii? Ruta ikajibu mara moja, kana kwamba ilikuwa ikisubiri kuulizwa. Katika kila anwani kumi, saba hazikuwa zetu. Zilikuwa za ng'ambo ya michongoma.

Laini ya chuo ilikuwa imekatwa na wachimba barabara. Fundi wao, badala ya kungoja, aliiandikia ruta yake amri moja fupi: kila kifurushi usichokijua kwendako, mpe jirani. Ruta yao ikatii. Vifurushi vikapita chini ya ua vikaingia katika ruta yangu, nayo ikavisoma, ikaona vinataka kwenda duniani, ikavipeleka kwa njia tuliyoilipia sisi. Wateja wa mashine ya kusaga walikuwa wamerudi shambani mwetu.

Lugha yetu ina neno lenye ncha mbili. Kupitiwa ni watu kupita kwako; kupitiwa pia ni kusahau, au kushikwa na usingizi bila kukusudia. Yote mawili yalikuwa yangu. Fundi wa chuo alikosa, sikatai. Lakini ruta niliyoifungulia kijia mimi niliiacha na hazina zote mbili, anwani za nyumbani na njia ya kwendea duniani, bila kuiambia kwamba mgeni wa upande ule ana haki ya ya kwanza tu. Amri hiyo ina mistari miwili.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilistaajabu kuona kwamba lina ndugu yake mkubwa mjini Nairobi, na katika kila mji ambamo kampuni za intaneti hukutana. Hapo mwanzo, kampuni mbili za Nairobi zilizotazamana barabarani hazikuwa na njia ya kupelekeana habari isipokuwa ng'ambo ya bahari. Barua kutoka ofisi moja ilipanda kwa setilaiti iliyo juu kilomita 36,000 hivi, ikashuka Marekani au Ulaya, ikapanda tena, ikashuka Nairobi ng'ambo ya barabara. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba kila mpando na mshuko ulikula robo ya sekunde, na kwamba swali na jibu lake vilikula karibu sekunde nzima. Wala haikuwa bure, kwani kila safari ililipiwa kwa fedha za kigeni.

Kwa hiyo kampuni zikakubaliana kukutana mahali pamoja, kila moja ilete waya wake na ruta yake, wabadilishane habari za wateja wao hapa hapa. Mahali hapo pakaitwa KIXP. Palifunguliwa mwishoni mwa mwaka wa 2000, na baada ya majuma machache pakafungwa kwa amri ya Tume ya Mawasiliano, maana Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupitisha habari za kimataifa, ililalamika. Wenye kampuni hawakukata tamaa. Walikata rufaa, wakapata leseni, na mnamo Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Hata nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, setilaiti ikaachiwa mahali pachache, kituo hakikupoteza maana yake: la jirani halina sababu ya kwenda Ulaya.

Ila tazama sheria ya mahali hapo, kwa kuwa ndiyo sheria ya kisima chetu. Kampuni inaponunua njia ya kwenda duniani hulipa, na anayelipwa huipitisha popote. Lakini kampuni mbili zikutanapo kituoni kwa usawa, bila kulipana, kila moja humwambia mwenziwe, "Wateja wangu ni hawa, ukiwataka, njoo." Haimwambii, "Pita kwangu uende utakako." Ni kujiwa, si kupitiwa.

Hapo huingia hila. Tuseme kampuni ya kwanza ina njia ghali na pana ya kwenda Ulaya, na ruta yake iliyoko kituoni inaijua njia hiyo. Kampuni ya pili, yenye njia nyembamba iliyojaa, huiandikia ruta yake amri ile ile ya fundi wa chuo: usichokijua, mtupie huyu. Hakuna tangazo, hakuna ombi. Vifurushi vinavuka meza ya kituo vinaingia kwa jirani na kupanda meli yake. Majibu hayarudi kwa njia hiyo. Dunia inajua kwamba anwani zile ni za kampuni ya pili, basi huyarudisha kwa njia ya mwenyewe. Ndiyo maana wizi huu haugunduliki upesi. Aliyeibiwa huona mzigo wa kutoka umeongezeka, bila kuona wa kuingia unaolingana nao, na pengine hufurahi akidhani biashara imekua.

Wapo wasemao kwamba dawa yake ni mkataba mkali. Mimi, baada ya yaliyonipata, naamini dawa ni kuinyima ruta maarifa. Ruta isimamayo kituoni haipaswi kubeba orodha ya njia zote za dunia, wala amri ya jumla ya kutupa visivyojulikana huko nje. Ijue anwani za kampuni yake na za wateja wake, pamoja na zile ambazo wenzake wamezitangaza hapo, basi. Njia ya Ulaya na ikae katika ruta nyingine ndani. Akija mgeni na kifurushi cha Tokyo, ruta ya kituoni itatazama orodha yake, isione Tokyo, ikitupe. Kwangu hilo ni zuri kuliko mlinzi mwenye rungu, kwa sababu mlinzi hulala, bali asiyejua njia hawezi kuielekeza hata akishawishiwa. Mwangalifu zaidi huhesabu pia, kwa anwani ya chuma cha kila ruta mezani, ni nani ameleta nini. Maana anwani ya kifurushi yaweza kudanganya, lakini mlango ulioingiliwa hausemi uongo kwa urahisi.

Kuna namna ya pili, nayo haihitaji mwizi. Yahitaji mtu aliyechoka. Ruta za kampuni mbalimbali huongea kwa itifaki iitwayo BGP, ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka wa 1989 kwenye karatasi za kupangusia mikono wakati wa chakula. Kila ruta humtangazia jirani yake anwani iwezazo kuzifikia, na jirani huamini. Walioibuni walifahamiana, na watu wanaofahamiana hawaulizani vitambulisho. Leo wanaoongea kwa itifaki hiyo ni maelfu kwa maelfu, na bado huaminiana karibu vile vile.

Tarehe 12 Novemba 2018, kampuni ya MainOne ya Lagos, Nigeria, ilikuwa ikiboresha mitambo yake. MainOne ilikutana na Google kwa usawa katika kituo cha kubadilishana cha Lagos, na kwingineko ilikutana na China Telecom. Katika kazi ile chujio lake la matangazo likakosewa. Zaidi ya njia 200 za Google, ambazo iliambiwa Lagos kwa ajili yake na wateja wake tu, ikazitangaza kwa China Telecom. China Telecom ikaamini na kuwatangazia wengine, wakaamini nao. Kwa dakika 74 sehemu ya watu duniani waliotafuta Google walielekezwa Urusi na China wakitafuta mlango wa Nigeria, na wengi hawakufika popote. Watu walishtuka, wakanong'ona juu ya wapelelezi. MainOne ilisema wazi kwamba kosa ni lake, la kupanga vichujio. Naiheshimu kauli hiyo kuliko nilivyopata kuiheshimu mitambo yoyote.

Dawa za namna hii ya pili ni nyingi, nazo zafaa zitumiwe pamoja. Kila njia ipokelewayo ipigwe muhuri mlangoni: hii ni ya mteja, hii ya mwenzi, hii ya tunayemlipa, kisha mlango wa kutokea usiruhusu kwa mwenzi chochote ila chenye muhuri wa nyumbani na wa mteja. Mwenzi naye awekewe kipimo: aliyezoea kutangaza njia hamsini akija ghafla na elfu tano, laini ikatwe kwanza, maswali yaulizwe baadaye. Mwaka wa 2016 wahandisi wa IETF waliandika waraka, RFC 7908, ulioyapanga makosa haya katika aina sita, na mwaka wa 2022 wakatoa mwingine, RFC 9234, unaozitaka ruta mbili zikutanapo zitajane kwanza, wewe u nani kwangu, mteja, mwenzi, au mwenye kunipitisha, kisha njia zitiwe alama kwamba hizi ni za kushukia kwa wateja tu. Kutajana uhusiano kabla ya mazungumzo! Wazee wetu wa Taita wasingeona hapo jipya.

Nirudi shuleni. Sikuikata kebo, ingawa Mwalimu Mkuu alitaka ikatwe. Baba yangu pia hakukifunga kijia. Alisimamisha vigingi viwili karibu karibu, mtu mwenye ndoo apite na punda asipite. Tulitafuta ruta kuukuu, tukaiweka kati, tukaifundisha anwani moja tu ya kwetu, ya kompyuta ya mitihani, na anwani za chuo. Ya dunia hatukuifundisha. Watahiniwa wote waliandikishwa, wa mwisho usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Juma lililofuata nilisimama mbele ya gwaride, mahali pale pale, nikasema kwamba nilimshtaki mtu kwa mzigo ambao hakuubeba, na kwamba ushahidi ulikuwa ndani ya kisanduku nilichokuwa nimekabidhiwa mimi. Sikutumia maneno mengi, niliogopa sauti. Kisha nikamwita kijana, nikamnyoshea funguo.

Hakuzipokea. Alisema kwa adabu kwamba angependa afunge nyaya za ruta mpya, lakini funguo apewe mwingine. Akaja jioni na bisibisi yake. Aliniomba nimsomee ile mistari miwili polepole huku akiiandika, na alipomaliza aliivuta kompyuta ya upande wa pili, akajifanya jirani, akajaribu kutoka kwenda duniani kwa kupitia kwetu. Kioo kikakaa kitupu. Akajaribu mara tatu, kisha akaandika matokeo yote matatu katika daftari lake, na tarehe.